Kapsuli za mama, upupu wa baba mdogo

Mwaka jana ndugu yetu anayeishi Kanada alituma mzigo nyumbani Tanga, ndani kuna viatu vya watoto, sabuni, na makopo mawili ya saplimenti. Kopo la kwanza la mama, maana mama alikuwa analalamika halali, anageuka geuka tu kitandani mpaka adhana ya alfajiri inamkuta macho. La pili la baba mdogo, yeye ana Parkinson, huu sasa mwaka wa saba. Mimi nafanya kazi duka la dawa kwa hiyo ndo nikapewa makopo nisome nyuma niwaambie kama yako salama. Nikasoma. Nikawaambia hayana shida, hili la mama ni kitu ambacho ubongo wenyewe unatengeneza kila siku, na hili la baba mdogo ni unga wa mmea tu.

Hilo neno "mmea tu" limenikwama kooni mpaka leo, na ndo sababu ya kukaa na kuandika yote haya.

Mama alimeza kapsuli zake wiki tatu, GABA, miligramu 500 kila usiku, na hakuna kilichobadilika, wala hakusinzia mapema wala hakuamka mzito, sawa na mtu aliyemeza unga wa muhogo. Baba mdogo yeye alikuwa anachanganya kijiko kimoja cha ule unga kwenye uji wa asubuhi. Siku ya nne mwanawe akanipigia simu niko kazini. "Dada, baba anacheza." Nikamuuliza anacheza nini. "Mwili unacheza wenyewe, shingo inajipinda, mkono unaruka, ila kule kutetemeka kwake hakupo kabisa." Nikachukua boda mpaka kwao. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, sauti iko sawa na akili iko sawa, lakini bega la kulia linapanda na kushuka na kikombe cha chai hawezi kukishika, jasho linamtoka na macho yake yananitazama kama ananiuliza, si ulisema hakina shida?

Makopo mawili, mzigo mmoja. Moja halikufanya kitu, la pili likafanya kupita kiasi. Nimekaa na hilo swali muda mrefu, nimesoma vitabu vyangu vya chuo upya, nimewauliza walionizidi, na jibu la yote mawili kumbe ni lilelile, ni kipande kidogo sana cha molekuli, kaboni moja na oksijeni mbili basi.

Nianze na lile la baba mdogo. Parkinson ni ugonjwa ambao seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo unaitumia kuongoza mwendo wa mwili, sehemu fulani ya ndani kabisa ya ubongo, zinakufa polepole. Dopamini ikipungua mwili unakuwa mgumu, hatua zinakuwa fupi, mkono unatetemeka. Sasa mtu yeyote atasema basi si mumpe dopamini. Haiwezekani. Damu ikifika kwenye ubongo inakuta mishipa yake imeshonwa kwa namna ya pekee, ukuta wa seli zilizobanana hasa, na vitu vingi vinavyozunguka mwilini kwa uhuru pale vinagota. Dopamini ni mojawapo. Ukimchoma mtu sindano ya dopamini moyo utaenda mbio na presha itapanda, hospitali wanaitumia kwa kazi hiyo, lakini ubongo hautaiona.

Chukua dopamini hiyohiyo, ibandike kile kipande cha kaboni moja na oksijeni mbili. Sasa inaitwa levodopa. Na levodopa inaingia.

Inaingiaje? Kwenye ule ukuta kuna protini zinazobeba amino asidi za chakula, yaani vile vipande vidogo vinavyojenga protini, kuzipeleka ndani, maana ubongo nao unahitaji kula. Mimi huwa naielewa kama daladala. Konda anatazama abiria ana nini mkononi, na amino asidi zote anazozijua zina vitu viwili vimekaa pamoja, upande mmoja naitrojeni na jirani yake hicho kipande cha kaboni na oksijeni. Levodopa inavyo vyote viwili kwa hiyo inapanda. Dopamini imebaki na naitrojeni peke yake, inaachwa stendi. Ndani ya ubongo kuna kimeng'enya, yaani protini ya kubadilisha kemikali moja kuwa nyingine, kinachong'oa kile kipande kwenye levodopa na inageuka dopamini palepale inapohitajika. Na kwa sababu ni daladala, viti vina idadi, ndo maana wagonjwa wa Parkinson wanaambiwa wameze dawa nusu saa kabla ya kula, ukila maharage na samaki halafu ukameza kidonge juu yake, amino asidi za maharage zimeshajaa kwenye viti na levodopa inasubiri gari linalofuata.

Hii haikugunduliwa kirahisi. Mwaka 1913 mkemia mmoja kule Uswisi, Marcus Guggenheim, aliitoa levodopa kwenye maharage makubwa ya bustanini, akameza mwenyewe gramu 2.5 aone itamfanya nini, akatapika vibaya. Watu wakaona haina kazi ya maana. Ikakaa miaka arobaini na kitu mpaka 1957, Arvid Carlsson wa Uswidi alipowapa sungura dawa inayomaliza dopamini, sungura wakalala hoi hawawezi hata kusogea, akawachoma levodopa, wakainuka. Miaka minne baadaye Vienna wakina Birkmayer na Hornykiewicz wakawachoma wagonjwa wa kweli, watu waliokuwa wa kulala tu wakasimama na kutembea, ingawa ni kwa saa chache. Carlsson alipata Nobel mwaka 2000. Mimi kila nikifikiria wale wagonjwa waliosimama naona baba mdogo anavyotoka kwenda msikitini asubuhi dawa ikishashika, na moyo unajaa.

Kuna na jambo lingine la wakati ule ambalo linanishangaza kila nikilisoma. George Cotzias wa Marekani, 1967, ndo aliyeonyesha kwamba ukimpa mgonjwa kwa mdomo, dozi kubwa kubwa zinazopandishwa polepole, inafanya kazi. Lakini alianza na dopa ya mchanganyiko, yaani molekuli zenye umbo la kushoto na za umbo la kulia pamoja. Ni atomu zilezile, idadi ileile, zimeshikana kwa mpangilio uleule, tofauti ni kama kandambili ya mguu wa kushoto na ya kulia. Baadhi ya wagonjwa damu ikaharibika, chembe nyeupe zikashuka. Akaja kutumia ya kushoto peke yake, na hilo "levo" kwenye levodopa ndo maana yake, dozi ikapungua kama nusu na ile shida ya damu ikaondoka. Kandambili ya kulia haikuwa inasaidia kitu, ilikuwa inaumiza tu.

Sasa upupu. Nyuma ya kopo la baba mdogo iliandikwa Mucuna pruriens na mimi nikapita juu ya hilo jina kama hakuna kitu, wakati ni upupu wetu huuhuu tuliokuwa tunaukimbia shambani kwa bibi, ule wenye vinyweleo ukikugusa unajikuna mpaka unalia. Vinyweleo ni vya ganda la nje. Mbegu ya ndani ni habari nyingine, ina levodopa yenyewe, kati ya asilimia 3 na 6 hivi, na Wahindi wametumia mbegu hizo kwenye tiba yao ya asili karne nyingi. Piga hesabu na mimi. Kijiko cha gramu 5 ni miligramu 150 mpaka 300 za levodopa. Kidonge kimoja cha baba mdogo kina miligramu 250. Yaani nilimruhusu aongeze kama kidonge kizima kila asubuhi na nikakiita mmea.

Na ilikuwa mbaya zaidi ya hapo, hapa ndo naomba usome taratibu kama una mzee nyumbani. Mtu asiye na dawa yoyote akila unga wa upupu, sehemu kubwa sana ya levodopa inang'olewa kile kipande njiani, tumboni, kwenye ini, kwenye mishipa, inakuwa dopamini ikiwa bado nje ya ukuta, na ikiwa nje haiingii tena. Inayofika ubongoni ni kama asilimia 1. Nyingine inabaki kumtapisha, ndo yaliyomkuta Guggenheim. Lakini kidonge cha baba mdogo ni levodopa na kabidopa pamoja. Kazi ya kabidopa ni kuzuia kile kimeng'enya kisifanye kazi nje, na yenyewe kabidopa haivuki ukuta, kwa hiyo ndani ya ubongo kimeng'enya kinaendelea na kazi yake kama kawaida. Ikija kabidopa dozi ya levodopa inaweza kushushwa kwa robo tatu na mgonjwa akapata nafuu ileile. Kwa hiyo unga wa upupu ulimkuta baba mdogo njia imeshasafishwa. Kijiko ambacho kwangu mimi mzima kingenipa kichefuchefu tu, kwake kiliingia kwa nguvu zote, na dopamini ikizidi mwili ndo unacheza vile.

Daktari wake alituambia tusimamishe unga, vidonge aendelee navyo kama alivyoandikiwa, kwa sababu levodopa ukiikata ghafla ni hatari vilevile. Baada ya siku mbili shingo ikatulia. Siku ya tatu alishika kikombe.

Halafu nikarudi kwa mama na kapsuli zake.

GABA ni breki ya ubongo. Ni kweli kabisa kwamba ubongo unaitengeneza wenyewe, na unaitengeneza kutoka kwenye glutamati, ambayo ni mafuta ya moto, ndo kemikali kuu ya kuamsha seli za ubongo. Na unajua unaigeuzaje? Unang'oa kipande kilekile. Kaboni moja, oksijeni mbili. Glutamati ikiwa nacho seli inawaka, kikitoka inakuwa GABA na seli inatulia. Vimeng'enya vya kazi zote mbili, huu wa glutamati na ule wa levodopa, vyote vinahitaji vitamini B6 pembeni. Nilipoliona hili niliweka kitabu chini nikatoka nje kidogo. Makopo mawili kutoka Kanada, na nyuma ya yote mawili kuna kazi ileile ya ubongo.

Ila GABA ya kwenye kapsuli inatoka tumboni, inapanda kwenye damu, inafika kwenye ukuta na haina nauli. Naitrojeni inayo, kipande cha kaboni na oksijeni pia inacho kimoja kimebaki upande wa pili, lakini vimekaa mbalimbali, kimoja kichwani kingine mkiani, konda haitambui. Kuvuka kwenyewe bila kubebwa haiwezi pia, maana ncha zake mbili zina chaji za umeme na ukuta ule ni wa mafuta mafuta. Kinachovuka ni kidogo mno. Kwenye kopo waliandika ni "kemikali ya utulivu ya ubongo wako", na maneno hayo ni ya kweli neno kwa neno, ndo maana yalinipata hata mimi niliyesomea. Kuwa kemikali ya ubongo na kufika ubongoni ni mambo mawili tofauti.

Wakemia waliligusa hili tatizo zamani. Miaka ya 1960 kule Leningrad Wasovieti waliichukua GABA wakaibandika pete ya kaboni sita, wakapata fenibuti. Pete ile inapenda mafuta kwa hiyo inaburuza molekuli nzima mpaka ndani, na ikifika inatuliza kweli. Kampuni ya dawa ya Ciba ya Uswisi nao walitengeneza karibu kitu hichohicho, tofauti ni kwamba kwenye pete wameweka atomu moja ya klorini. Moja tu. Hiyo ni baklofeni, dawa ya misuli iliyokaza, tunayo dukani na inatolewa kwa cheti. Fenibuti Warusi wanatumia miligramu 250 mpaka 500 kwa mara moja, baklofeni watu wanaanza na 5. Ndo nguvu ya atomu moja ya klorini iliyokaa mahali pake.

Na sio kila ukibandika kitu unapata kilekile chenye nguvu zaidi. Kuna gabapentini, nayo ilibuniwa iwe GABA yenye pete, na kweli ile pete inaikunja mpaka inapanda daladala ya amino asidi vizuri tu, lakini ikifika ndani haishughuliki na breki za GABA hata kidogo, inakwenda kushika milango ya kalsiamu kwenye neva. Imekuwa dawa nyingine kabisa, ya kifafa na maumivu ya neva. Au chukua tairosini, amino asidi ambayo mwili unaianzia kutengeneza dopamini, kuna makopo wanaibandika kipande cha asetili na kuiuza ghali kwamba imeboreshwa. Inayeyuka vizuri kwenye maji, hilo kweli. Lakini waliowawekea wagonjwa kwenye dripu wakapima mkojo walikuta nyingi inatoka nje vilevile ilivyoingia, asetili yake haijatoka. Sasa hapo umelipia mkojo.

Naelezea fenibuti kwa sababu kuna kijana wa chuo alikuja dukani mwezi wa pili na picha kwenye simu, anataka "ile GABA kali", rafiki yake kamwambia inaondoa woga wa kuongea mbele za watu. Nilimkalisha kwenye benchi. Nikamwambia mdogo wangu, GABA ya kawaida haifanyi kitu kwa sababu haiingii, na hii ni kali kwa sababu inaingia, na inayoingia ubongo unaizoea. Watu waliotumia fenibuti kila siku wakiacha wanakosa usingizi siku nyingi, wanatetemeka, wengine wanaona vitu visivyokuwepo. Marekani mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, imesema wazi haina sifa ya kuwekwa kwenye saplimenti na bado inauzwa mtandaoni ndani ya makopo yenye picha ya jani la kijani. Aliniuliza kama kweli pete moja inaweza kufanya yote hayo. Nikamuuliza yeye anakunywa kahawa? Anakunywa. Basi kafeini ina vifundo vitatu vidogo vya methili, kila kimoja ni kaboni moja na haidrojeni tatu. Toa kimoja cha mahali fulani unapata theobromini, ndo iliyojaa kwenye kakao ya Kyela, unaweza kunywa kikombe cha kakao usiku na ukalala. Rudisha hicho utoe kingine unapata theofilini, dawa ya pumu. Akacheka, akasema hajawahi kuambiwa hivyo darasani. Hata mirungi, wale wakulima wa Meru ya Kenya wanaifunga kwenye majani ya mgomba na magari yanakimbizwa vile kwa sababu jani likikauka kathinoni inageuka kathini, ni oksijeni moja tu imeongezewa haidrojeni, na mlaji anajua palepale kwamba nguvu imekwisha.

Sijui kama aliagiza au hakuagiza. Hajarudi, na huwa namtazamia.

Mama nilimwambia ukweli, kwamba kopo lake halimdhuru lakini halimsaidii. Alinyamaza kidogo halafu akasema hela ya mtoto imepotea, nikaona hilo ndo limemuuma kuliko usingizi. Tukapunguza chai ya rangi ya saa tatu usiku, alikuwa anakunywa vikombe viwili kila siku baada ya isha na hakuna aliyewahi kumuuliza. Sasa hivi saa tano anakuwa amelala, sio kila siku lakini siku nyingi. Kapsuli zilizobaki tulizitupa, kopo analiwekea hiliki.

Baba mdogo nilikwenda kumwomba msamaha nikiwa peke yangu. Nilimweleza yote haya, daladala na konda na kile kipande, alisikiliza mpaka mwisho, alikuwa mwalimu wa hesabu huyu mzee. Akauliza, "Kwa hiyo hicho kipande ni nauli, na wakati huohuo kikiendelea kubaki ndani dawa haifanyi kazi?" Nikamwambia ndiyo baba, lazima kiwepo getini na lazima kitoke ndani. Akatikisa kichwa akasema hiyo ni hesabu nzuri. Sasa anameza kidonge cha kwanza saa kumi na mbili kasoro, anasubiri nusu saa kwa saa ya ukutani, ndo anakunywa uji, na maharage ameyahamishia usiku mwenyewe bila kuambiwa.

Ndugu yetu wa Kanada tumekubaliana kabla ya kununua ananitumia picha ya nyuma ya kopo. Juzi kaleta moja, anataka kumtumia mama, imeandikwa sulbutiamini, "vitamini B1 ya ubongo". Ni B1 mbili zimefungwa pamoja kwa salfa na kuvalishwa vipande viwili vya mafuta mafuta ili zivuke ule ukuta ambao B1 ya kawaida inavuka kwa shida. Wajapani ndo walianza kuibuni wakati wanatafuta dawa ya beriberi, ugonjwa wa kukosa B1. Nimemwambia asubiri, bado nasoma.